Zahanati Mpya na Presha ya Mama

Jumanne, Temeke

Na bado nina hasira na kaka Hamisi. Redioni walisema tena kwamba huduma za afya zimesogezwa karibu na wananchi, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Nikamwambia asubuhi nilimpeleka mama zahanati mpya ya mtaani, tukakuta mganga hayupo na dawa za presha hakuna.

"Lakini jengo si lipo? Zamani pale kulikuwa na nini?"

Kweli, zamani palikuwa jalala. Hilo siwezi kubisha, ila nikamrudishia:

"Sasa jengo ndo litampima mama?"

Tukapandishiana sauti hadi mama akatoka chumbani, ameshika ukuta.

"Nyie wote mnasema kweli, wanangu. Ila kichwa bado kinaniuma."

Kesho sijui nimpeleke wapi.