Mke Aliyekataa Kufungua

Dada Mwanaisha kipenzi, salamu tele kutoka Mji wa Kale, zangu na za mume wangu (bado natabasamu nikiandika neno hilo!).

Ile riwaya uliyonitilia kwenye sanduku la harusi imezua kesi. Asubuhi tulikuwa tukila mahamri na mbaazi kwa mwenye nyumba, Bi Rukia, niliyemwazima akaimaliza kwa siku mbili. "Mwandishi ameharibu!" akasema. "Mume arudi baada ya miaka saba, mke akatae kumfungulia? Vitabu vyake vya kwanza havikuwa hivi." Mkazamwanawe akacheka: "Mama, miaka saba bila hata barua! Mimi ningetia na komeo la pili." Kisha akanigeukia: "Na wewe, bi harusi?"

Nikasema nisingefungua. Salim wangu akaacha kula. "Hata ningekuwa mimi?"

"Hata wewe."

Akanawa mikono akatoka, na moyo wangu ukatoka naye. Ndoa ya siku sita, tayari tumegombana kwa sababu ya kitabu!

Nikiwa chumbani nikasikia hodi. "Nimepotea nusu saa tu," akasema kutoka nje, "na nimerudi na haluwa. Utanifungulia?" Nilifungua kabla hajamaliza kusema. Sasa tunaisoma riwaya pamoja, tangu mwanzo. Mimi bado namtetea yule mke. Salim naye amekiri kwamba miaka saba ni mingi.

Mbusu Mama. Mola akupe wa kukubishia hodi na haluwa mkononi.

Mdogo wako akupendaye,
Riziki