Ndoo ya Kwanza Tuliyompelekea Mzee Salehe

Kaka yangu uliye Makongolosi,

Pokea salamu za Iyunga pamoja na baridi yake. Barua hii siifungi. Najua dereva wa lori ataisoma njiani, na wachimba dhahabu wenzako watakusomea kwa sauti. Waisome tu. Hapa nimekwisha kuchekwa na kila mwenye meno.

Kesi ya kisima imeahirishwa, na imeahirishwa kwa ajili yangu, mimi wa darasa la nne, mimi uliyeniita Bwana Redio kwa kuwa hakuna wa kunizima.

Unamjua Mzee Salehe wa dukani, jirani yetu. Tangu baba atutoke anasema maji yale ni yake, na sasa anataka kuweka pampu ayapeleke kwenye tanuri lake la matofali. Barazani alisema kwa upole kabisa, "Siku walipopata maji, ndoo ya kwanza waliniletea mimi. Malimbuko hupelekewa nani, kama si mwenye mali?" Wazee wa baraza wakatikisa vichwa. Nilitamani kumrushia kiatu, ila sikuwa nacho.

Ile ndoo tunaijua mimi na wewe. Baba alikaa juu na blanketi lake na kikohozi chake, anaelekeza. Wewe ulikuwa chini na sururu, mimi navuta kamba ya katani, na udongo ukikumwagikia kichwani nacheka. "Wewe kima," ulipiga kelele kutoka shimoni, "ukinimwagia tena, nikitoka nakuzika humu." Maji yalipoanza kuchuruzika nilikimbilia kikombe, ukanipiga kofi la mkononi. Ukasema ya kwanza ni ya jirani, ndivyo baba alivyolelewa kwao Iringa. Tukaining'iniza ndoo kwenye mti wa kubebea mabegani, wewe mbele mimi nyuma, bega linaniuma nami sisemi. Mlangoni kwa Mzee Salehe ukasema, "Mzee, baba amepata maji. Anasema ukipungukiwa, njoo uchote kwetu."

Kwetu, Kaka. Neno hilo lilitosha kumaliza kesi, na mimi ndiye shahidi niliyelisikia.

Lakini nilipoitwa niliona watu wamejaa mpaka madirishani, na shati nililovaa lilikuwa lako lile jeupe. Nikaanza kwa kusema kisima nilikichimba mimi.

"Wewe?" hakimu akauliza. "Wakati huo ulikuwa umeota meno ya mbele?"

Watu wakacheka. Badala ya kunyamaza, nikasema kina chake ni futi mia, Mbeya nzima hakuna mfano. Hakimu akamtuma tarishi na kamba iliyofungwa jiwe. Alirudi akiwa ameikunja kamba mkononi kama mkia wa mbuzi, akasema haikufika hata thelathini. Hapo ndipo nilipokumbuka kusema la ndoo. Nililisema sawasawa, neno kwa neno, na karani akaweka kalamu chini. Hakuandika. Mama alikuwa benchi la mbele, akavuta khanga akafunika uso.

Hakimu akasema kesi itasubiri mpaka aje yule aliyetamka maneno hayo mwenyewe, na mpaka siku hiyo kisima kifungwe, asichote yeyote. Kwa hiyo mama anateremka mtoni na debe kila asubuhi, anapita mbele ya kisima cha mumewe kilichofunikwa mbao. Nimejaribu kumpokea debe, amekataa. Hanigombezi. Angenigombeza ningepona.

Dereva ameniambia kwa nini huji. Anasema uliapa mbele ya kaburi la baba kwamba utarudi na dhahabu, na hujapata hata ya kujaza jino. Kaka, mimi nimekuwa nikiwaambia watu una lori mbili na saa ya mkononi. Samahani kwa hilo pia. Njoo bila kitu. Njoo na kaptula yenye viraka, upande lori hilo hilo linalokuletea barua hii likigeuza. Tutakaa benchi moja, wewe na aibu yako, mimi na yangu, na watu wakichoka kututazama watakusikiliza. Wewe hujawahi kuongeza chumvi katika maneno. Wanalijua hilo.

Mama anasema kisima kikifunguliwa, ndoo ya kwanza itapelekwa tena kwa Mzee Salehe. Nilibisha sana. Akaniambia, "Nani amekuuliza?" Ni neno refu kuliko yote aliyonipa tangu siku ile. Basi nitaipeleka, Kaka. Wewe shika mti mbele, mimi nyuma kama zamani, na mlangoni utasema wewe. Mimi nitafunga mdomo.

Ni mimi mdogo wako,
mvuta kamba.