Makofi ya Watu Watatu

Dada yangu,

Nimefika salama. Nimepewa kitanda chenye mito minne, na kichwa ninacho kimoja.

Mkutano huu ni wa watafiti wa kazi za kujitolea na asasi za kiraia. Mada yangu waliipangia chumba cha mwisho, saa ya chakula cha mchana. Wasikilizaji walikuwa watatu: mwenyekiti, mtoa mada anayefuata, na bwana mmoja aliyekuja kuchaji simu.

Unanijua, niliwaka hivyo hivyo. Nikasema wakubwa wanawasifu wanaojitolea ili wao wenyewe wasiwajibike, na kwamba nyuma ya kila sifa hiyo yuko mwanamke aliyechoka.

Yule wa simu akainua kichwa. “Mzee wangu, umesema. Sasa wewe mwenyewe unajitolea wapi?”

Nikajibu kwamba namuuguza mama yangu, huu mwaka wa sita. Namgeuza kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda.

Wakanipigia makofi, dada. Wote watatu.

Hayo ya kumgeuza mama nayajua kwa sababu uliniandikia wewe, unayemuuguza. Uliponiomba nije nikupokee zamu japo mwezi mmoja, nilikutumia makala yangu. Tangu jana nimejifungia humu chumbani, na sina wa kumweleza ila wewe niliyekuibia.

Mkutano unaendelea, lakini nimebadilisha tiketi. Alhamisi nitakuwa mlangoni. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, ila kwanza nionyeshe mama anavyogeuzwa.

Mdogo wako, mwenye mdomo