Fen Ishirini na Nne kwa Siku

Peking, 12 Novemba 1964

Dada yangu Nasriya,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ila baridi imeanza kuuma. Wewe na shemeji Amur hamjambo huko Matrah? Na Mama, kifua chake kinaendeleaje tangu mlipokimbia Unguja?

Mwaka huu masomo ya udaktari yametupeleka hospitali iliyo upande wa pili wa mji. Kwenda napanda mabasi mawili, kurudi mawili, kila moja fen sita. Hizo ni fen ishirini na nne kwa siku, na yuan moja ni fen mia. Posho nshaibana kila upande. Kilichobaki kupunguza ni nauli. Basi la pili nimeliacha, natembea. Nnakusanya nauli ya kuja kumuona Mama.

Mdogo wako,
Suud

Matrah, 3 Februari 1965

Mdogo wangu Suud,

Aleikum salaam. Sisi tupo, alhamdulillahi. Amur kapata kazi ya kuhesabu magunia forodhani. Maji bado nayabeba mwenyewe kutoka kisimani.

Mama anakusalimu sana. Kifua kimetulia. Nilipomsomea barua yako alisema, "Mwambie apande basi. Asome, amalize, ndiyo aje." Tafadhali msikilize.

Dada yako,
Nasriya

Peking, 9 Januari 1966

Dada yangu,

Asalaam aleikum. Natumai nyote wazima. Usishtuke kwa mwandiko huu, naandika nimelala. Basi la kwanza nalo niliacha kulipanda, mwaka mzima sasa. Mwezi uliopita theluji ilinikuta njiani na kiatu kimetoboka. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekatwa. Mama asiambiwe.

Lakini nauli imetimia: ndege mpaka Karachi, kisha meli mpaka Maskati, hapo jirani yenu. Daktari akiniruhusu tu, naondoka.

Mdogo wako,
Suud

Matrah, 20 Februari 1966

Suud, mdogo wangu,

Aleikum salaam. Pole, pole sana kwa mguu.

Usije. Mama hayupo. Alifariki Oktoba 1964, kabla hata hujaiandika barua yako ile ya nauli. Siku ya mwisho alinishika mkono akasema, "Suud asiitwe. Akiacha skuli hana tena pa kushika." Nilijua nikikwambia utaacha, nikawa nakuandikia kama kwamba yu hai. Nilidhani nnakulinda. Vidole vyako nimevikata mimi.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Dada yako,
Nasriya

Karachi, 6 Machi 1966

Dada yangu,

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote? Tangu nikuandikie nikiwa nimelala hospitali, sijapata jibu. Labda barua yako imepishana nami njiani. Wameniruhusu mapema kuliko nilivyodhani. Kibali cha kuingia nnacho, na meli yangu inaondoka Alkhamisi. Hii nampa baharia wa meli ya leo, ikufikie kabla yangu.

Nachechemea kidogo, basi mtayarishe Mama asije akashtuka. Nimemnunulia shali ya sufu ya kufunika kifua. Usimlete bandarini akaungua jua. Nitamfuata mwenyewe ndani.

Mdogo wako,
Suud