Hewa Kichwani mwa Baba Nekesa

Jumatano, Julai 1996

Baridi imetukamata mtaa mzima wa Tena tangu asubuhi. Nguo nilizoanika jana bado zinadondoka maji. Nimechoka, nimekasirika, nimemkasirikia kila mtu, na nikitulia kidogo naona ninayestahili hasira hiyo ni mimi.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu mume wangu, Baba Nekesa, apoteze usemi na nguvu za mkono wa kulia. Aliingia hospitalini kupasuliwa utumbo, akapasuliwa vizuri, akapona vizuri. Kilichobaki kilikuwa kutolewa mpira mwembamba waliomtia kwenye mshipa wa shingo, wa kupitishia maji na dawa. Kazi ya dakika mbili. Kesho yake alikuwa arudi nyumbani.

Daktari amenieleza mara tatu, na mara ya tatu alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa. Mpira ule hutolewa mgonjwa akiwa amelala kabisa, kichwa chini, amezuia pumzi. Akiinuka, mshipa unaweza kunyonya hewa kupitia tundu lililoachwa. Viputo huenda mpaka kwenye moyo, na kwa watu wengi huishia mapafuni. Lakini moyo wa Baba Nekesa una kitundu cha kuzaliwa nacho ambacho hakuna aliyekijua. Vikapenya hapo, vikapanda ubongoni, vikazuia damu. Ni jambo la nadra, alisema. Neno hilo sitaki kulisikia tena.

Hebu jaribu kuwaeleza watu wa huku. Jirani ananiambia hewa ndiyo uhai, itamdhuruje mtu? Kina mama wa kanisa wananong'ona kwamba amerogwa kwa sababu ya cheo alichopandishwa kule kanjo, kazini kwake katika baraza la jiji. Na mama yangu mzazi amejifungia chumbani kwa binti yetu Nekesa, chakula hakimpiti kooni. Anasema ni yeye aliyeleta balaa, kwa kuwa amemwona mkwe wake kitandani. Jana nilimfokea. Mungu anisamehe, kwa sababu katika hao wote yeye ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, na hajui.

Ngoja niandike, maana sijamwambia mtu.

Mimi ndiye niliyemwinua.

Mama alikuwa amefika kutoka Bungoma asubuhi hiyo, nikamwambia angoje nje. Sista Njoki, muuguzi wa wodi, alimlaza Baba Nekesa chali, kifua wazi, akatuambia sote wawili asiinuke hata kidogo mpaka amalize. Akavuta mpira, akamkandamizia pamba shingoni, kisha akaniomba niishikilie ageuke kuchukua plasta kwenye trei. Papo hapo mlango ukafunguka, nikaona leso ya mama. Kwetu mwanamume halali mbele ya mama mkwe wake, tena bila shati. Baba Nekesa alianza kuhangaika, akanitazama. Sikufikiri. Niliiacha pamba, nikapitisha mkono mgongoni mwake, nikamketisha ili nimfunike shuka. Akakohoa. Akasema, "Karibu ma..." na neno likakatikia hapo.

Sista ameandika kwamba alipogeuka alimkuta mgonjwa ameketi. Hakuna aliyemwamini. Amesimamishwa kazi, na Ijumaa hospitali inakaa kuamua kama atafutwa. Nami siku zote hizi ndiye ninayepiga kelele kuliko wote wodini kuhusu uzembe wa masista. Sijui sauti hiyo naitoa wapi.

Leo mchana shemeji yangu Wafula, mdogo wake Baba Nekesa anayekaa Donholm, alikuja wodini na barua iliyopigwa taipu. Inasema sista ndiye aliyemketisha mgonjwa.

"Shem, weka sahihi hapa. Huyo sista lazima aone cha mtema kuni."

Nikamwambia angoje kwanza.

"Ningoje nini, na bro amelala hapa hata hawezi kuongea?"

Akamgeukia kaka yake, akamuuliza polepole, kama mtu anavyomuuliza mtoto, "Bro, ni sista alikuketisha, si ndiyo?"

Tangu siku ile Baba Nekesa amekuwa akitoa sauti tu, aa, aa, mpaka machozi yanamtoka kwa hasira. Leo alinitazama mimi kwanza, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akahangaika na ule mdomo wake uliopinda mpaka likatoka.

"Ndi... yo."

Wafula alipiga makofi. Akamwita sista wa zamu aje asikie, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikwenda chooni, nikafungulia mfereji, nikalia.

Anajua. Amejua siku zote. Neno la kwanza alilorudishiwa amelitumia kunifichia mimi, na kwa neno hilo binti wa watu atapoteza kazi.

Barua ninayo hapa mezani, sijaitia sahihi. Siwezi kungoja Ijumaa. Kesho asubuhi nitakwenda moja kwa moja kwa matroni, mkuu wa masista, kabla sijaingia wodini, maana nikimwona Baba Nekesa kwanza, sitaweza.