Ndiyo ya Baba

Lisekese, Masasi
Juni 1955

Kwa dada yangu mpenzi Esha,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Mnyambe ni wazima. Sisi huku ni wazima pia, ila mama anakohoa kidogo kwa vumbi la kupeta karanga.

Najua habari uliyonayo ni kwamba baba bado amelazwa, na arusi yangu na Majaliwa imeahirishwa tena. Sahau hiyo. Baba yuko nyumbani, na hapa ninapoandika anagombana na jogoo uani.

Kidonda chake cha mguu kilikuwa kimefunga vizuri. Lakini kila asubuhi nesi Ethel, Mwingereza mgeni ambaye Kiswahili bado hakijui, alimwuliza, “No pain?” Na baba, ambaye tangu vita vya Burma hakubali kufasiriwa Kiingereza, alijibu kwa sauti ya askari, “Yes!” Nesi akasikitika, akamwambia aendelee kulala.

Dada, nililia. Likizo ya Majaliwa ilikuwa inakwisha, karibu arudi kazini Lindi, na bila baba nani angeniozesha?

Jumanne dresa Marko, yule anayefunga vidonda, akayasikia maswali hayo. Akamwuliza baba kwa Kiswahili, “Mzee, huna maumivu?” Baba akajibu, “Ndiyo, sina.” Marko alicheka mpaka akashikilia kitanda. Akatueleza kwamba sisi tukisema ndiyo tunakubaliana na aliyeuliza. Mwingereza yeye anaangalia maumivu yenyewe: yakiwapo ni “yes”, yasipokuwapo ni “no”, hata ukimwulizaje. Nesi Ethel alipoelezwa aliiva uso kwa haya, akacheka naye, akampa baba ruhusa pale pale.

Sasa sikiliza hili, na mama asilijue. Njiani, baba amekaa kwenye keria nami nakokota baiskeli, nilisema jamani, kaneno kadogo vile kututesa! Baba hakucheka. Akaniambia nisimame. Akasema maana ya maneno yale aliijua zamani. Daktari wa jeshi alimwuliza vilevile huko Burma.

“Ningesema no, Mwanne, sasa hivi ungekuwa Lindi,” akasema. “Nilitaka nikuone siku chache zaidi ukiniletea chakula.”

Nilicheka na kulia pamoja, pale pale barabarani. Baba akajifuta macho, akasema arusi ni Ijumaa ijayo, na korosho zikishauzwa atakuja Lindi, akaribishwe asikaribishwe. Nilipomweleza Majaliwa, alisema atamtengea baba chumba cha uani, chenye upepo.

Basi njoo mapema, dada, uniimbie kwa sauti yako. Msalimu shemeji, wabusu watoto, na jirani yenu Bimdogo mwambie ngoma yake ya arusi naingoja.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanne