Uzito wa Baba

Mkolani, Jumapili

Mdogo wangu Rugemalira,

Sisi ni wazima, na mwanambuzi uliyetuachia amekula kanga ya jirani. Nampa Annet, anayesafiri kuja huko, akuletee barua hii, maana Baba husoma meseji zangu.

Ulinieleza kwamba ile chembe ndogo mno, nyutrino, haishikiki, hivyo huko Ujerumani mnapima nishati ya elektroni inayotoka nayo, na kile kidogo kinachopungua ndicho kinachoonyesha uzito wake. Nilikuelewa juzi. Baba amekataa kabisa kupimwa zahanati, lakini nilipomwomba apande na mwanambuzi kwenye mizani ya magunia ili tujue uzito wa mbuzi, alikubali. Kisha nikampima mbuzi peke yake, nikatoa.

Baba ana kilo hamsini na moja. Krismasi alikuwa na sitini na nne.

Nilipogeuka, alikuwa nyuma yangu anasoma hesabu.

“Hii kakufundisha Rugemalira?”

“Ndiyo, Baba.”

Alicheka mpaka akakaa chini. “Kumbe anasoma kweli.”

Amekubali twende hospitali kesho, kwa sharti kwamba wewe usijulishwe. Kwa hiyo ukifika, sema umekuja likizo.

Dada yako anayekuandalia chumba,
Bernadetta